Marehemu Aliyerudi Saa Tisa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, mashtaka yangu ni haya.

Mimi, Nabwile Wangila, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kitale, niliandika tangazo la kifo nikalibandika kwenye ubao wa shule. Marehemu: Don Eleuterio. Umri: miaka themanini na mbili. Ameacha watoto wanne, wajukuu saba na kofia moja. Niliweka hata nambari ya wimbo.

Don Eleuterio si mtu wa Kitale. Ni babu katika "Akina Baldovino", kile kichekesho cha televisheni cha familia ya Wameksiko wanaoishi Texas, watu kumi na mmoja na bafu moja. Babu huyo havui kofia yake pana, na ana kiti chake. Kila kipindi lazima mtu ajaribu kumtoa kitini, naye lazima ajibu, "Hapa sitoki!" Bweni letu zima husema hivyo kengele ya alfajiri ikilia.

Nilimwua kwa sababu ya mtihani wa Fizikia. Wasichana wakilia sana, mtihani huahirishwa. Hiyo si dhambi, ni Fizikia yenyewe.

Bahati mbaya, Mwalimu Gathii, naibu wa mwalimu mkuu, hatazami televisheni. Alisimamisha shule nzima kwa dakika moja, akaiombea familia ya Baldovino "popote ilipo". Alipoelezwa ilipo, nilipewa barua ya mzazi na wiki mbili za kukaa nyumbani.

Nyumbani ni Bokoli, kaunti ya Bungoma. Nilimkuta nyanya yangu, Kukhu Nakhungu, akipepeta maharagwe mlangoni.

"We mayi, mwanangu, si shule haijafungwa?"

"Kukhu, shule imepata msiba."

"Nani?"

Nilikusudia kumwua mwalimu yeyote. Lakini ulimi ulikuwa umeshazoea jina moja.

"Don Eleuterio."

Kukhu aliweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoa kitambaa cheupe cha meza, akaifunika televisheni kama anavyofunikwa mtu. Nyumba yenye msiba haina kelele, akasema. Hakuna atakayeiwasha mpaka matanga yaishe.

Nilifurahi. Televisheni ikizimwa, Don Eleuterio hataonekana akitembea. Barua ya Mwalimu Gathii niliifukia ndani ya kitabu cha Kemia, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba yetu angetafuta kitu, mimi nikiwa wa kwanza.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Sasa mniandalie kamba, kwa sababu mambo ya wiki hii ni mabaya zaidi.

*

Kaka yangu Mukhwana na mkewe Everlyne walikuwa na mtoto wa siku kumi na nane, na mtoto huyo alikuwa akilia tangu siku ya tatu. Hakulia kama mtoto. Alilia kama mtu aliyekatiwa tikiti ya gari lisilokuja.

Kwetu jambo hilo halipelekwi hospitali kwanza. Mtoto anayelia hivyo anaitwa na mmoja wa waliotangulia ambaye anataka jina lake. Kazi ya wazee ni kutaja majina ya marehemu mmoja mmoja. Likifika lenyewe, mtoto hunyamaza.

Siku ya pili ya kufika kwangu, asubuhi, shangazi yangu Senge Roselyne alimpakata mtoto katikati ya sebule.

"Kama ni wewe Mukhisa, mwache mtoto anyonye."

Kilio.

"Kama ni wewe Walubengo, mzee wa ng'ombe, mwache mtoto anyonye."

Kilio, tena kwa dharau.

Akamaliza upande wa babu, akaenda upande wa nyanya. Niliwahesabu ishirini na wawili. Na kuna jina moja aliloliruka, kama dereva anavyokwepa shimo analolijua: Wepukhulu.

Wepukhulu ni baba yangu mdogo. Miaka tisa iliyopita aligombana na baba, akachukua kofia pana ya babu na magunia ya mahindi, akaenda kufanya biashara kule mpakani Suam. Hakurudi. Hakuna anayejua kama yu hai au alikufa, na jina la mtu wa namna hiyo haliitwi. Likitajwa, baba hutoka nje kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe wako malishoni.

Kwenye benchi la ukutani walikaa wazazi wa Everlyne, Mzee Kemboi na mkewe Chelangat. Walikuwa wameteremka kutoka shamba lao la mlimani, ng'ambo ya Kitale, wakiwa na pikapu na njia yao.

"Nyinyi mnamchosha mtoto," alisema Mzee Kemboi. "Kwetu mtoto huitwa jina akapiga chafya. Akipiga chafya, imeisha."

Mama Chelangat akatoa kikopo cha tumbaku ya kunusa, akapitisha kidole mbali kidogo na pua ya mjukuu, akaanza kutaja wa kwao, kuanzia Kipkemoi. Mtoto hakupiga chafya. Baba ndiye aliyepiga, mara tatu.

"Basi jina limekaa kwa Wangila," akasema Senge Roselyne. "Hongera, kaka. Sasa wewe ni Kipkemoi."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na mimi nilicheka ndani ya trei ya chai.

Mzee Kemboi alisimama. "Mtoto haridhiki hapa. Nitaenda na yeye na mama yake mpaka nyumbani. Akipata jina huko, mtakuja muongee na sisi."

"Bibi yangu haendi popote," akasema Mukhwana.

"Ati nini?"

"Umenisikia, mzee."

"Mukhwana!" baba akafoka. "Huyo ni mkwe wako!"

Everlyne alikaa katikati yao akiangalia magoti yake. Mtoto akapandisha sauti. Senge akaanza upya na Mukhisa. Mama Chelangat akafungua kikopo tena. Trei ilikuwa inanichoma vidole, na kichwa changu kilikuwa kinapasuka.

"Mwiteni hata Don Eleuterio basi!" nikapiga kelele. "Bora anyamaze!"

Mtoto akanyamaza.

Si polepole. Papo hapo, kama mtu aliyezima redio. Akapiga kwikwi moja, akafumba macho, akalala.

Kukhu Nakhungu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akashika mdomo.

"Amekuja kwangu mara mbili," akanong'ona. "Kwa ndoto. Mwanaume wa kofia kubwa. Sikuona uso, kofia ilikuwa imeshuka. Anasimama hapo mlangoni, anaomba maji."

"Mama," baba akasema, "huyo ni mtu wa televisheni! Mmeksiko!"

"Wewe Wangila, huyo mzee amekaa na mimi kwa hii sebule miaka mitatu, kila jioni. Wewe mara ya mwisho ulikaa hapa lini?"

Baba akatazama dirishani. Ng'ombe walikuwa malishoni.

Mzee Kemboi alikuna kidevu. "Huyu mzee si wa ukoo wenu?"

"Hapana," Mukhwana akajibu.

"Na wetu si yeye. Basi hakuna mtu ameshindwa."

Nchi hutawaliwa kwa mantiki dhaifu kuliko hiyo. Jogoo akachinjwa kabla ya adhuhuri, pikapu ikarudi mlimani na watu wawili tu, na mpwa wangu akawa Eleuterio Mukhwana wa Bokoli.

*

Siku nne mtoto alilala, akanyonya, akalala. Everlyne akaanza kuimba akianika nepi.

"Mulamwa," akaniambia siku ya tatu, kwa neno la kwetu la wifi, "wewe ndio umeniweka kwa hii boma. Baba alikuwa amekuja na nafasi yangu kwa pikapu, unajua? Hadi godoro alikuwa ameacha nyumbani ili nipate mahali ya kukaa."

"Si ni mtoto tu alinyamaza."

"Zii. Walikuwa wananivuta, huyu huku, huyu huku. Sasa nimepumua." Akabana nepi kwa kibanio. "Huyo mzee alikufa na nini?"

"Moyo," nikasema.

"Woiye. Pole kwake."

Nataka ijulikane kwamba nimewahi kumdanganya mwalimu mkuu, kasisi wa shule na daktari wa meno bila kupepesa jicho. Siku hiyo nilipepesa.

Jioni nikamwendea Kukhu jikoni. Nikauliza kama mwanafunzi anayependa utamaduni.

"Kukhu, mtu akimpa mtoto jina la mtu ambaye bado yuko hai, inakuwaje?"

"Ah! Hiyo ni kama kumvua mtu nguo akiwa sokoni, unavalisha mwingine. Lazima mmoja abaki uchi. Harafu baridi ikikuja, inapata nani?" Akapuliza moto. "Inapata mdogo. Kwa nini unauliza?"

"Ni kazi ya shule."

"Shule ambayo imefiwa inapeana kazi?"

Nilitoka kuangalia ng'ombe. Sasa namwelewa baba kidogo.

Na hapo ndipo Kukhu alipotoa tangazo lake, na lilikuwa kubwa kuliko langu. Jumapili anamaliza matanga. Wakwe waitwe kutoka mlimani. Kitambaa kitatolewa, na saa tisa, wakati kituo kinaporudia vipindi vya wiki, televisheni itawashwa.

"Ili mtoto awaone watu wake," akasema. "Wale watoto wa marehemu lazima wako na huzuni."

*

Nilifanya kila ambalo elimu ya bweni imenifundisha.

Jumamosi nilitoa betri za rimoti nikazitupa chooni. Mukhwana akatoa za tochi. Jumapili asubuhi nilipanda paa nikaugeuza ungo wa setilaiti ukatazama Uganda. Mukhwana akapanda akaurudisha. Nikabaki na stima. Umeme wa Bokoli hukatika hata kuku akikohoa, lakini siku hiyo ulikaa kama mgeni rasmi.

Saa tisa kasorobo sebule ilijaa. Kukhu alikuwa kitini pake. Wakwe kwenye benchi. Senge Roselyne na baba kwenye kochi, mama mlangoni na sufuria ya chai. Mukhwana alishika rimoti, na Everlyne alimshika mtoto, amelala, amevaa kofia ndogo ya sufi ambayo Kukhu aliifuma kwa heshima ya marehemu.

Mimi nilisimama mbele ya kioo cha televisheni.

"Nabwile, toka hapo," akasema Kukhu. "Wewe si kioo."

"Nilitaka kuomba kwanza."

"Tumeomba."

"Tena."

"We msichana!" akasema baba.

Kitambaa kikatolewa. Muziki wa "Akina Baldovino" ukaanza nyuma ya mgongo wangu, zile tarumbeta, na nikajua bila kugeuka kila kinachopita: mkate, bafu, foleni ya bafu. Halafu Marisela, mke wa mwana, akasema kwa Kiswahili cha watafsiri, kile kisichozungumzwa na mtu yeyote aliye hai, "Baba mkwe, leo kiti hicho kinapelekwa kwa fundi."

Na sauti nzito ikajibu, "Hapa sitoki!"

Niliona nyuso zao zikienda kwenye kioo, zikija kwangu, zikirudi.

"Huyo ni nani?" Kukhu akauliza.

Mama, Mungu ambariki, akasema kutoka mlangoni, "Si ni kipindi cha zamani tu? Wanarudianga za kitambo."

"Ah, eeh!" akasema Senge.

"Ya zamani," Mzee Kemboi akakubali, akainua kikombe.

Naomba msomaji asimame hapa dakika moja, kama shule yetu ilivyosimama. Maisha yangu yote uongo nimeupika mwenyewe, nikautafutia kuni mwenyewe. Leo uliletwa ukiwa umeiva, umepakuliwa, na wazee wawili wamekwisha kuuonja. Nilihitaji kutikisa kichwa tu.

Nikamtazama yule mtoto na kofia yake. Kama Kukhu anasema kweli, alikuwa sokoni, uchi.

"Si cha zamani," nikasema. "Don Eleuterio hajakufa. Nilimwua mimi, kwa kalamu ya bluu, juu ya mtihani wa Fizikia. Shule haijafiwa. Nilifukuzwa wiki mbili, barua iko kwa kitabu ya Kemia. Na jina nililisema kwa hasira. Hakuna marehemu aliniambia nilitaje."

Sitaeleza kelele zilizofuata. Baba alikuwa amesimama, na alikuwa mrefu kuliko nilivyokumbuka.

"Shule umemaliza! Kesho unaenda kulima!"

"Nitalima."

"Usinijibu!"

"Baba, mtoto alinyamaza. Hiyo sikutunga mimi. Mtanichapa kwa yale niliyosema, sawa, lakini mtoto alinyamaza na nyote mlimuona, na mlikula jogoo!"

"Mlitudanganya," alisema Mzee Kemboi kwa sauti ya chini, akimwambia Mukhwana na si mimi. "Nilitoka hapa na amani, nikaambia watu wangu mjukuu ana jina. Ana jina ya mchezo." Akamgeukia binti yake. "Everlyne. Beba mtoto. Pikapu iko nje."

"Mzee, ngoja..." Mukhwana akaanza.

"Nimengoja siku nne."

"Nyamazeni!" Kukhu alikuwa ameinua mkono. Hakuwa akitutazama. "Nabwile, soma pale."

Nikageuka. Kipindi kilikuwa kimekwisha. Kwa kawaida kituo hukata hapo kikaweka tangazo la mafuta ya kupikia, lakini huo ulikuwa mwisho wa msimu, wakasahau kukata. Kioo kilikuwa cheusi. Katikati kulikuwa na picha ya mzee asiye na kofia, na maandishi meupe chini yake.

"Soma kwa sauti."

"Kwa kumbukumbu ya Fortunato Arrieta, Don Eleuterio wetu," nikasoma. "Alizaliwa elfu moja mia tisa arobaini. Alikufa elfu mbili ishirini na mbili."

Kumbe mama alisema kweli. Kilikuwa kipindi cha zamani. Mzee yule alikuwa amelala kaburini miaka mitatu kabla sijamwua. Sijawahi kufeli vibaya namna hiyo: nilitunga uongo, ukatoka ukweli.

"Nilisema," Kukhu akanong'ona. "Nilisema amekuja."

"Amekuja nani?" Mzee Kemboi hakulegea. "Eleuterio hakuzaliwa na mama yeyote. Na huyu Fortunato hakuna mtu anamjua. Mtoto ameitwa hewa."

Kama aliyesikia, mtoto akafungua macho. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, akalia. Kilikuwa kilio kile kile.

"Sasa mmesikia," akasema Mzee Kemboi, akachukua begi. "Everlyne, twende."

Everlyne akasimama na mtoto. Mukhwana akashika mlango upande huu, baba yake Everlyne akaushika upande ule. Everlyne hakwenda mlangoni. Alikwenda hadi kwa Kukhu, akasema neno moja sikioni mwake, na Kukhu, ambaye hajawahi kumpisha hata mchungaji, akainuka kitini.

Everlyne akakaa.

"Hapa sitoki," akasema.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

"Mtoto wangu..." akaanza Mama Chelangat.

"Mama, nimesema hapa sitoki. Na huko sikatai kuja kutembea. Lakini mtu asinivute tena." Akaninyoshea mtoto kwa mikono miwili. "Mulamwa, wewe ndio ulimwita. Mwite tena. Na usicheze."

Mtoto alikuwa mzito kuliko kitabu chochote nilichowahi kubeba. Alikuwa mwekundu, akilia, akinitazama. Nikafikiri jina la kwanza, nikaliacha. Nikafikiri la kwenye kioo, nikaliacha pia. Nikaona mlango, na mwanaume wa kofia pana iliyoshuka usoni, anaomba maji. Mexico kuna maji. Kwa nini atembee hadi Bokoli?

Nikamtazama baba. Alijua kabla sijafungua mdomo. Aliinua kidole.

"Nabwile, usithubutu."

Nimeshafukuzwa shule. Jembe liko tayari. Mtu aliyepoteza vyote hatishwi na kidole.

"Kama ni wewe Wepukhulu," nikasema, "mwache mtoto anyonye."

Kilio kikakatika.

Sufuria ya chai ikaanguka mlangoni. Baba akakaa chini, pale pale sakafuni, kama mtu aliyekatwa miguu. Nikangoja Kukhu anilaani, au alie.

Lakini aliyesema hakuwa Kukhu. Mzee Kemboi alikuwa ameweka begi chini, polepole sana.

"Wepukhulu gani?" akauliza. "Yule wa mahindi, wa Suam? Wa kofia pana?"

Kukhu akaitikia kwa kichwa.

"Huyo," akasema, akavua kofia yake mwenyewe, "nilimzika mimi."